Dresa wa Garissa na Vikombe vya Bati

Dresa alitazama mikono ya watu kabla ya nyuso zao. Ulipomsalimu, aliushika mkono wako kwa muda uliozidi ule wa adabu, akaugeuza kidogo kana kwamba anakagua kitu anachotaka kununua, ndipo akainua macho kukuuliza habari za nyumbani. Wageni walidhani kwamba ni mapenzi mengi. Sisi tuliomzoea tulijua kwamba anachunguza kucha, viungo, kovu na mtetemo. Alishikilia kwamba uso hufundishwa kudanganya tangu utotoni, lakini mkono haujapelekwa shule.

Jina lake silitaji, kwa kuwa hata katika Garissa ya wakati ule waliolitumia walikuwa wachache. Alikuwa Dresa, mfunga vidonda wa hospitali, cheo kinachokaribia mwisho wa orodha ya watabibu, na hakutaka kuitwa kwa kingine. Wasomali wa sokoni walimwita dakhtar, askari wakamwita daktari, naye alisimama kila mara kuwasahihisha wote, ingawa mara nyingi hapakuwa na daktari mwingine. Daktari mwenyewe alizunguka Wajir na Mandera kwa misafara ya kijeshi, na misafara ile haikufuata kalenda ya mtu yeyote.

Nilipelekwa huko nikiwa mwalimu wa miaka ishirini na sita, mtu aliyesoma vitabu vingi na kuishi siku chache. Ilikuwa miaka ya vita ambavyo sisi tuliotoka bara tuliviita vya shifta, yaani vya majambazi, na ambavyo wenyeji wetu waliviita kwa majina mengine waliyoyasema kwa sauti ya chini. Kulikuwa na kafiu ya usiku, vizuizi barabarani, na desturi mbaya iliyotuingia sote ya kumtazama jirani na kumkadiria yuko upande gani. Dresa hakujifunza desturi hiyo. Ofisa mmoja aliwahi kufika wodini akitaka orodha ya majeruhi waliotoka porini, mbali na ile ya waliotoka mjini. Dresa alimjibu kwamba yeye ana orodha mbili tu, ya wanaolala kitandani na ya wanaolala sakafuni, na kama mheshimiwa ana vitanda vya ziada, angefurahi kufuta ile ya pili.

Alikuwa mtu wa mambo yasiyopatana. Aliwakemea wagonjwa kwa kupenda sukari, kisha akatia vijiko vitano katika chai yake huku akikutazama kwa ushupavu kama mtu anayekungoja useme neno. Alikuwa bahili wa vitu vya hospitali kiasi cha kuudhi: bendeji zilifuliwa na kufuliwa tena hata zikawa nyepesi kama utando wa buibui, na siku ya kuzianika ungedhani ukoo mzima wa marehemu umetundika sanda zake uani. Lakini muda wake aliugawa bila kipimo. Alisinzia katika mahubiri yote, mafupi na marefu, na bado mchungaji alipokosea jina la nabii Dresa alizinduka, akalitaja jina lililo sawa, akarudi usingizini.

Kuhusu ukweli alikuwa mkali kuliko mimi, nami sikuwa mlegevu. Hakumwambia hata mtoto kwamba sindano haiumi. "Itauma," alisema, "na ikiisha kuuma utaniambia." Mgonjwa aliyedai amemeza dawa hali ameitupa alionyeshwa dawa hiyo ikiwa imeokotwa, imepanguswa na kuwekwa katika kisahani kando ya kitanda chake. Na alikuwa na msemo ambao niliuchukulia kama mzaha wa wodini kabla sijauelewa: usimwulize mtu kama anaumwa, mwulize anafungaje vifungo vya shati.

Kanisa letu lilikuwa la watu wasiozidi arobaini, wote wageni wa mji: polisi, makarani, walimu, wauguzi, askari jela na wake zao. Tulikusanyika katika bohari ya zamani ya nafaka. Mchungaji alikuja kwa msafara, na Meza ya Bwana iliandaliwa alipofika, ikapita hata miezi miwili bila kuandaliwa. Mimi nilikuwa katibu. Dresa alikuwa mzee wa kanisa aliyekabidhiwa Meza. Divai haikufika salama kwa barabara zile, kwa hiyo alinunua zabibu kavu dukani, akazichemsha jikoni kwake na kuzichuja kwa shashi aliyoitokosa mara tatu. Kinywaji hicho kiligawanywa katika glasi ndogo ambazo mmisionari mmoja alituachia, kila moja ukubwa wa kifuniko cha chupa ya dawa, zikikaa katika matundu ya trei ya mbao. Ili kuichomoa glasi ile ulihitaji kuibana kwa kidole gumba na cha shahada. Hilo hakuna aliyelifikiria, kwa kuwa kila aliyekuwa na gumba hakuwa na sababu ya kulifikiria.

Kati yetu alikuwako dereva wa polisi, jitu la kicheko kikubwa, ambaye ndiye aliyeanzisha nyimbo. Katika mwaka wa tatu wa vita, lori lake lilikanyaga bomu lililofukiwa katika barabara ya Wajir. Mwenzake aliyeketi kando yake alikufa papo hapo. Mvua za masika zilikuwa zimeugeuza uwanja wa ndege kuwa tope, daktari alikuwa amekwama kaskazini, na kwa siku mbili Dresa alimhudumia Dereva peke yake. Alimwokoa. Lakini mkono wa kulia ulibaki na vidole viwili, cha shahada na cha kati, bila gumba. Wa kushoto ulikuwa kamili kwa idadi, ila moto ulikuwa umeukausha, na vidole vikanyooka kama meno ya kitana.

Mchungaji alipofika baada ya hapo, Dereva alikuja kanisani akiwa amevaa vizuri. Trei ilipomfikia aliiendea glasi kwa vile vidole viwili. Glasi ilipanda nusu, ikateleza, ikamwaga kilichokuwamo juu ya suruali yake na kupasuka sakafuni. Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali mtu angecheka. Badala yake, sauti moja nyuma yetu ilinong'ona, "Damu ya Bwana," kama mtu aliyeona mkosi ukiingia mlangoni.

Katika ibada iliyofuata, Meza ilipofunuliwa, Dereva alisimama akatoka, akaenda kukaa juani kando ya ukuta hadi tulipomaliza. Baadaye hakuja kabisa, hata katika Jumapili zisizo na Meza. Nyimbo zetu zikaanza chini mno au juu mno. Dresa alimwendea kambini akamwambia kwamba atamfikishia kikombe kinywani mwenyewe, kwa utaratibu, na hakuna atakayetazama.

"Mimi si mtu wa kunyonyeshwa, Daktari," Dereva alimwambia.

"Dresa," alimsahihisha, akaondoka.

Kisha akafanya kosa ambalo mtu yeyote mwema angelifanya. Alitafuta kikombe cha bati chenye mkono mpana, kama vile vya kunyweshea wagonjwa uji, akakisugua mpaka kikang'aa, akampelekea Dereva kama zawadi. Alikuja kwangu jioni ile, akaketi, akatia vijiko vyake vitano, akakoroga muda mrefu bila kunywa. Aliniambia kwamba Dereva alikipokea kwa heshima, akakitazama, akakirudisha akisema maneno haya: "Daktari, katika boma lote anayetengewa chombo chake ni mbwa."

"Nawe ulimjibu nini?" nilimuuliza.

"Nilimwambia yuko sawa," alisema Dresa.

Mchungaji aliporudi tena, nilifumbua macho wakati wa sala na kumwona Dresa amesimama na trei yake, macho wazi, akitazama mikono ya watu safu kwa safu. Nilimkemea baadaye kwa utovu wa heshima. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kwamba kama angefumba asingemwona mke wa askari jela. Alikuwa mama mzima, mwenye baridi yabisi iliyomkunja vidole, na hatukuwahi kusikia malalamiko kutoka kwake. Dresa alimwita pale pale na kumtaka anieleze anavyokunywa.

"Mwalimu, mimi hunywa nusu," alisema yule mama akijifuta viganja. "Nusu nyingine hunywa leso yangu. Kwa hiyo leso imeokoka kunishinda."

Hakuwa peke yake. Mlinzi wa bohari alikuwa na mtetemo, karani mmoja mzee alikuwa na ganzi. Kila mmoja alikuwa amebuni hila yake ya kuficha, na kila mmoja alidhani yuko peke yake. Ndipo Dresa alipoleta hoja mbele ya baraza la wazee: glasi ziondolewe zote, na kanisa zima linywe katika vikombe vya bati vya namna moja, ambavyo mkono wowote unaweza kuvishika.

Nilipinga. Ni haki niseme nilivyopinga, kwa kuwa nilipinga kwa ufasaha. Nilisema kwamba utakatifu hudai uzuri, kwamba glasi ile safi humkumbusha mtu usafi wa moyo, kwamba tukianza kuishusha Meza ifikie udhaifu wa kila mtu haitabaki meza bali benchi. Nilisema pia kwamba bati lenyewe, kama nilivyosikia, lingetokana na makopo ya maziwa ya unga ya hospitali. Wazee wawili walitikisa vichwa kuniunga mkono.

Dresa hakuwa msemaji. Aliangalia meza, akasema, "Mwalimu, glasi zako hazijakosa kanisa hata siku moja. Mtu wetu amekosa mara tatu, tukihesabu ile aliyomwaga. Akikosa ya nne, tutakuwa na glasi nzuri sana."

Ya nne aliikosa kweli, kwa kuwa tulibishana mpaka msafara ukaja na kuondoka. Baada ya ibada ile, ambayo hakuna aliyeimba vizuri, baraza lilikubali kujaribu, kwa sharti kwamba mimi niende nikahakikishe vikombe vina staha.

Fundi bati aliyetajwa kuwa bora alikuwa mzee wa Kisomali mwenye ndevu za hina, mwenye kibanda kando ya soko alimotengenezea vibatari na mikebe. Dresa alimweleza anachotaka. Mzee alisikiliza huku akikata bati, kisha akauliza bila kuinua kichwa, "Hii fikombe ni ya bombe?"

"Ni ya zabibu. Nazichemsha mwenyewe."

"Zabibu ikikaa, ni bombe."

"Haikai. Tunakunywa siku ile ile." Dresa alitoa kichupa alichokuja nacho makusudi. Mzee alikinusa, akalamba tone kwenye ncha ya kidole, akasema sukari ni kidogo. Na kwa jambo hilo nadhani walikuwa ndugu. Kisha akanyoosha kiganja.

"Sasa mkono iko wapi?"

"Mkono gani?"

"Ya yule mutu. Mimi hapana tengeneza kikombe ya maneno. Lete mkono."

Nilidhani mambo yameishia hapo. Dereva alikuwa hajapita sokoni tangu atoke wodini, na kila mtu alijua sababu. Dresa alimwendea siku ile ile, nami nikiwapo, akamweleza yote bila kuficha: fundi ni nani, ni wa watu gani, na anataka nini.

"Unataka nimpe Msomali mkono huu?" Dereva aliuliza.

"Na ule mwingine," alisema Dresa. "Atataka kuiona yote miwili."

Siku mbili hakutuletea jibu. Siku ya tatu tulimkuta amesimama nje ya lango la hospitali, amevaa sare, hatazami mtu. Tulitembea sote watatu hadi sokoni, na watu walitupisha kwa namna ambayo sikuipenda. Mzee hakusimama. Alimwonyesha Dereva kigoda, na Dereva alipoketi akaunyoosha mkono kama mtu anayeunyoosha ukatwe mara ya pili. Mzee aliushika bila huruma na bila karaha, akaugeuza kama wafugaji wanavyogeuza ukwato wa mbuzi anayechechemea.

"Nani kata hii?" aliuliza.

"Mimi," alisema Dresa.

"Umeshona mbaya. Kama gunia."

Dereva alicheka. Hakikuwa kile kicheko chake cha zamani, lakini kilitoka tumboni, na Dresa, ambaye hakuvumilia kukosolewa kazi yake na mtu yeyote, aliinamisha kichwa.

Mzee alichukua bonge la udongo mbichi wa mto Tana, akaliweka kati ya vile vidole viwili. "Shika, walaal, ndugu yangu. Hapana kaza. Shika tu fenye wewe naweza." Udongo uliminywa katikati, ukabaki na kiuno chembamba, juu mpana na chini mpana. Kisha akamtaka aushike bonge lingine kwa viganja vyote viwili. Alivitazama vibonge vile kama mimi ninavyotazama ukurasa. Wakati anavipanga kivulini vikauke, Dereva alimuuliza kama ana watoto.

"Nilikuwa na wafili," alisema mzee. "Mmoja iko."

Dereva alikitazama kigoda alichokalia. Hakuuliza wa pili alikwenda wapi, na mzee hakuuliza lori lilikuwa linabeba nini. Sijui kama huko ndiko kusameheana. Nimesoma maandishi mengi juu ya kusameheana, na hayakufanana sana na watu wale wawili.

Vikombe vilikuwa na kiuno kile kile cha udongo, mdomo mpana uliokunjwa usikate, na kitako kipana kisichoangushwa na mtetemo. Seremala wa jela alitutobolea trei mpya. Nilivikagua kimoja kimoja, na katika ripoti yangu kwa baraza niliandika kwamba vina staha. Nilitafuta neno la kupunguza sifa hiyo nikalikosa.

Siku ya ibada Dereva aliketi kiti cha mwisho, karibu na mlango. Trei ilipita safu kwa safu, na kwa mara ya kwanza Meza yetu ilikuwa na sauti: kila kikombe kilichorudishwa kiligonga mbao, tak, kisha kingine, tak. Ilinikera mpaka trei ilipofika nyuma. Dereva aliingiza vidole vyake viwili kwenye kiuno cha kikombe, akakiinua, akanywa, akakirudisha. Kiligonga kama vingine vyote. Hakuna aliyegeuka, kwa kuwa hapakuwa na la kugeukia. Mke wa askari jela alikunywa mpaka tone la mwisho, akainyoosha leso yake magotini ikiwa kavu. Na wimbo wa kufunga, ulioanzishwa kutoka nyuma, ulianza mahali pake.

Niliondoka Garissa vita vilipokuwa vinakwisha. Dereva alihamishiwa Nakuru, fundi bati sikumwona tena. Dresa tuliandikiana barua mbili au tatu, zake zikiwa fupi na zimejaa maswali kuhusu mgongo wangu.

Mwaka jana nilipita Meru kwa kazi ya ukaguzi wa shule, nikaenda kumtafuta Dresa, aliyekuwa amestaafu huko. Nilimkuta uani kwake, mzee aliyepungua, masikio mazito, akichambua maharagwe kwenye ungo. Aliushika mkono wangu, akaugeuza, akaniambia ninaandika kuliko inavyofaa. Tulikunywa chai. Tulipokwisha kutaja watu wote tuliowajua, aliniuliza lile daftari la washiriki wa Meza liko wapi, nililokuwa nikiandikia majina kila baada ya ibada. Nilimwambia nililiacha kanisani, na huenda limekwisha kuliwa na mchwa.

"Uliandika jina langu kila mara?" aliuliza.

"Kila mara. Wewe ndiye uliyebeba trei."

"Mbeba trei hunywa wa mwisho, na hakuna anayemtazama." Aliokota kijiwe katika maharagwe, akakitupa. "Siku ile alipomwaga, sikunywa. Niliinua glasi tupu. Nikafanya hivyo mara nne, mpaka yeye alipokunywa."

Nilikuwa nimewahukumu watu kwa makosa madogo kuliko hilo.

"Kile kidole gumba, Mwalimu. Vile vingine vilikuwa vimekufa, lakini hicho kilikuwa na joto. Daktari angelikiokoa. Mimi niliogopa kidonda kioze, nikakata. Sasa ningekunywaje kabla yake?"

"Yeye alijua?"

"Nilimwambia tukirudi kutoka kwa fundi. Wewe ulikuwa umetangulia mbele. Akasema, 'Tutaongea nikishakunywa.'"

"Mkaongea?"

"Hakuuliza tena. Alipohama alikuja kuniaga. Akanipa mkono, ule ule, akaniachia niutazame nilivyotaka." Dresa alipepeta ungo mara moja, akauweka chini. "Lakini daftari linasema uongo, na uongo huo ni wangu. Nataka lisahihishwe."

Nilimkumbusha kwamba daftari halipo.

"Basi andika mahali pengine," alisema. "Wewe si katibu?"

Kwa hiyo naandika, kwa idhini yake na kwa mkono wangu: katika ibada nne za Meza ya Bwana zilizofanyika Garissa, kuanzia ile ambayo glasi ilipasuka, mzee wa kanisa aliyebeba trei aliandikwa kuwa ameshiriki, naye hakushiriki. Katika ya tano alishiriki. Alikuwa wa mwisho, baada ya Dereva.